Mji Uliozungukwa na Maji

Huenda wewe, msomaji, ulizaliwa pwani, na bahari kwako ni kitu cha kila siku, kama ukuta wa nyumba ya jirani. Kama ndivyo, niwie radhi kwa mambo nitakayokusimulia, maana mimi nilizaliwa bara, katika kijiji kilicho chini ya mlima Sagalla, si mbali na mji wa Voi, na nilitimiza miaka kumi na sita kabla sijaiona bahari kwa macho yangu. Mama yangu alikuwa amepita arobaini naye hajaiona bado. Kutoka kwetu mpaka Mombasa ni mwendo wa kilomita 150 na kitu, na mabasi hupita mchana na usiku. Lakini umbali wa safari haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa nauli, na kwa kazi inayomfunga mtu nyumbani.

Kazi iliyotufunga sisi ilikuwa maji. Habari hii ni ya mwaka 2011, na wazazi wako watakumbuka jinsi ukame ulivyoiumiza nchi mwaka ule. Mvua za vuli zilizotangulia zilikuwa haba, na masika yalipofika mawingu yalipanda juu ya Sagalla, yakasimama kidogo kama wageni waliokosea nyumba, kisha yakaenda zao. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Lambo tulilokuwa tukinyweshea mbuzi lilikauka likapasukapasuka. Kila siku mama na mimi tuliamka saa tisa za usiku kwenda kupanga foleni kwenye kioski cha maji, kila mmoja na mtungi wake wa manjano wa lita ishirini, na siku nyingi jua lilitukuta hapo hapo tukingoja, mfereji ukitoa upepo mtupu. Tuliogopa njiani, maana ndovu wa Tsavo nao walikuwa na kiu, na ndovu mwenye kiu hajui mpaka wa mbuga wala ukuta wa jikoni. Mtungi uliojaa una uzito wa kilo ishirini. Kama hujapata kuubeba mgongoni mwendo wa saa nzima, sina maneno ya kukueleza shingo inavyokuwa; na kama umepata kuubeba, huhitaji maneno yangu.

Lililotuuma zaidi si uhaba wenyewe. Kaskazini-magharibi ya Voi, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, iko chemchemi iitwayo Mzima. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Huzama katika majivu na mawe ya volkeno, ikasafiri gizani mwendo wa kilomita karibu 50, ikichujwa njia nzima, kisha ikaibuka Mzima ikiwa safi kama kioo, mahali ambapo viboko na samaki huogelea kana kwamba wako hewani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililaza bomba kutoka chemchemi hiyo mpaka Mombasa, urefu wa kilomita 220, na maji huteremka humo kwa uzito wake mwenyewe, kwa sababu Mzima iko juu na Mombasa iko chini. Ni kazi ya kustaajabisha. Siinyimi sifa yake. Mji wa Voi nao hupata sehemu ya maji hayo. Lakini sisi wa vijijini tulilijua bomba lile kama mtu anavyolijua basi linalompita kituoni bila kusimama.

Mama alikuwa na swali lake juu ya bomba hilo, naye alikuwa akiliuliza katika foleni, usiku, bila kumwelekea mtu yeyote. "Watu wale wamezungukwa na maji pande zote," alikuwa akisema. "Wana maji mpaka jicho halioni mwisho. Basi kwa nini wanywe yetu?"

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kama wanafunzi wengine nilikuwa na majibu mengi. Nikamwambia kwamba maji ya bahari yana chumvi.

"Chumvi ya kiasi gani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Kitabu kilisema chumvi. Hakikusema ulimi unaonaje.

Muhula wa pili ulipokwisha, mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya likizo: kila mmoja azuru mahali pa kale na kuandika insha. Muhula ule alikuwa ametusimulia habari za Cádiz, mji wa bandari ulio kusini mwa Hispania, ulioanzishwa na mabaharia Wafoinike zamani za kale, juu ya ulimi mwembamba wa nchi uliozingirwa na bahari karibu pande zote. Alituonyesha picha za kuta zake na minara yake, akasema watu husafiri kutoka mbali kwenda kuutazama. Mmoja wetu akauliza kama nauli ya Cádiz italipwa na shule. Mwalimu akacheka, akasema huko hatutafika. Lakini mfalme aliyeutawala Cádiz mwishoni mwa karne ya 16 alijenga ngome karibu nasi, na nauli yake ni ya basi tu.

Alisema kweli, na jambo hili watu wengi hulipita haraka. Sisi sote hujifunza kwamba Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno, na ndivyo ilivyokuwa. Ila Wareno wakati huo walikuwa chini ya mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, yule ambaye visiwa vya Filipino huitwa kwa jina lake. Yeye alivaa taji la Hispania na la Ureno pamoja. Kwa amri yake ngome ilianza kujengwa mwaka 1593. Hivyo kijana wa Voi anayetaka kuona kazi ya mfalme wa Hispania hahitaji pasipoti.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akishona sare za shule kwa cherehani. Yeye ndiye aliyeniletea nauli. Asubuhi ya safari mama alinipa mkoba wenye viazi vitamu vya shangazi, na chupa tupu ya soda iliyooshwa ikatakata.

"Nijazie bahari," akasema.

Sitakuchosha kwa habari za basi, isipokuwa kwa jambo moja. Ukisafiri kutoka Voi kwenda pwani, soma majina ya vituo. Utapita Maungu, mahali ambapo wasafiri wa zamani walipanda mlimani kutafuta maji kwenye mashimo ya mawe. Utapita Taru, nchi ya miiba ambayo misafara ya pembe iliichukia kwa kiu yake, na ambayo mmisionari Johannes Rebmann aliivuka kwa miguu mwaka 1847 akitoka Rabai kuja Taita. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896, ilikuwa lazima maji ya wajenzi yaletwe kwa gari moshi, kwa kuwa hapo hapakuwa na tone. Kisha utafika mahali paitwapo Maji ya Chumvi. Nilipolisoma jina hilo kwenye kibao nilicheka peke yangu, na mwanamke aliyekaa kando yangu akanitazama kwa shaka. Njia hiyo yote, tangu vilima vyetu mpaka Mazeras, ni hadithi moja ya watu kutafuta maji, nami nilikuwa nimepita umri wote ule nikidhani kwamba kiu ni yetu peke yetu.

Tuliingia Mombasa alasiri. Shangazi alinipokea kituoni, tukaenda kwa miguu kupitia vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo ni vyembamba hata roshani za ghorofa mbili zinazokabiliana huonekana kama zinanong'onezana. Milango ilikuwa ya mbao nzito iliyochongwa maua na minyororo. Mwisho wa kichochoro kimoja niliona ukuta wa buluu umeziba njia. Nikamwuliza shangazi ni nyumba ya nani ile. Akasimama, akanitazama, akacheka mpaka akaegemea mlango wa watu. Ukuta ule ulikuwa bahari.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi na shangazi hatukuwa tukifunga, lakini mtu hali wala hanywi barabarani katika mtaa wa wafungaji, nami kesho yake asubuhi nilikwenda kuitazama ngome nikiwa na chupa ya maji iliyofichwa mkobani na adabu ya kutoitoa.

Nisikudanganye: ngome ni nzuri. Imesimama juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari ya kale, na kuta zake zina rangi ya asali iliyoungua kidogo. Aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, nayo ndiyo kazi yake ya mwisho. Aliipa umbo linalofanana na mwili wa mtu aliyelala, kwa kuwa wasanii wa zama zile waliamini kwamba mwili wa binadamu ndio kipimo cha uzuri. Ramani ukutani ilionyesha hivyo. Kwa chini mtu haoni mwili wowote, huona ukuta tu, na mimi nadhani hata askari waliokaa humo waliona ukuta tu. Juu ya lango liko jiwe la mwaka 1635 lenye maneno ya Kireno ya kumsifu kapteni mmoja. Ndani kuna mizinga, kuna nyumba waliyoijenga Waomani, kuna ukuta ambao askari wa Kireno waliuchora merikebu kwa rangi nyekundu na nyeusi, kama wewe unavyochora daftarini wakati wa somo lisilokupendeza. Michoro ile ilinigusa kuliko mizinga. Mtu aliyechora merikebu hakuwa akifikiri vita. Alikuwa akifikiri kwao.

Na vita ilikuwa nyingi. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, asipokewe vizuri, akaenda Malindi. Wareno wakarudi na kuuchoma mji mwaka 1505, wakarudi tena mwaka 1528, na tena mwaka 1589, kabla hawajajenga ngome ili wakae. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza, aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliiacha, Wareno wakarejea. Mwezi wa Machi 1696 Waomani waliizingira. Walioingia ndani kujihifadhi walikuwa Wareno makumi machache na wenyeji wengi, wanaume kwa wanawake na watoto. Mazingira hayo yalidumu karibu miaka mitatu. Maradhi yaliwamaliza kuliko risasi, na kwa muda fulani ngome ya mfalme wa Ureno ilishikwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na wenyeji waliobaki. Merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja na msaada mwaka 1697, ilizama hapo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya miaka 1977 na 1980, na vyombo vyake vingine vimewekwa ndani ya jumba la makumbusho. Mwezi wa Desemba 1698 ngome ilianguka.

Baadaye Waingereza waliifanya jela, tangu mwaka 1895 hata 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka ule ule niliokwenda mimi, 2011, UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia, na watunzaji walikuwa wakitembea kama watu waliofaulu mtihani.

Nilikuwa nimeyaandika hayo yote daftarini kwa uaminifu. Ndipo nilipofika uani, kwenye birika la wazi walilochimba Wareno ili kukusanya maji ya mvua, na karibu yake kisima walichochimba Waarabu baadaye. Kisima kile kina kina cha zaidi ya futi 70, kimetobolewa ndani ya mwamba mtupu. Niliinama kutazama. Nilifikiri mikono iliyokichimba, nikaona kwamba hapana kioski cha Voi kilichopata kumtoa mtu jasho kiasi hicho. Kisha nikasoma maelezo: walipoyafikia maji, yalikuwa ya chumvi, hayafai ila kwa kuoshea.

Niliketi kwenye ukingo. Jua lilikuwa kali, chupa yangu ilikuwa mkobani, na mbele yangu bahari ilimeremeta mpaka ukomo wa macho. Watu wale walikaa hapa karibu miaka mitatu, wakitazama maji mchana kutwa, wakisubiri mvua ijaze birika. Swali la mama lilianza kujibiwa, lakini si kwa namna niliyoitaka. Sina budi kukuungamia, msomaji, kwamba mimi sikwenda Mombasa kutazama ngome tu. Nilikwenda na hasira. Nilitaka kuwaona watu wanaokunywa maji yetu, na nilikuwa nimejiandalia maneno.

Nafasi ya kuyasema ilinijia jioni ile ile. Mfereji wa nyumba ya shangazi ulikuwa mkavu. Nilidhani ni bahati mbaya ya siku moja. Akaniambia ni siku ya tano. Karibu na magharibi tulisikia magurudumu kichochoroni, naye shangazi akatoa fedha katika kitambaa, akaniambia, "Haraka, kabla hajamaliza." Nje alikuwa mchuuzi na mkokoteni wake, na juu ya mkokoteni, msomaji, ilikuwako mitungi ya manjano ya lita ishirini, ile ile, na midomo yake imezibwa kwa vipande vya nailoni kama yetu. Wanawake wa mtaa walikuwa wamepanga foleni. Nilisimama nyuma yao kwa mazoea, bila kuambiwa. Nilijua hata pa kuweka mguu.

Katika nyumba ile, chini, alikaa mzee mmoja mjane aliyekuwa fundi wa mifereji kabla ya kustaafu. Shangazi alinituma nimpelekee mtungi mmoja, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umechoka. Nilimkuta ameketi barazani kwa ndani, tende tatu mbele yake katika kisahani, akingojea adhana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante. Mungu akuzidishie. Haya ni ya kisima au ni maji ya pepo?"

Nikashtuka, nikidhani anazungumza habari za mashetani. Akacheka, akanieleza kwamba pwani maji yasiyo na chumvi, yale ya kunywa, watu wa zamani huyaita maji ya pepo. Nikamjibu kwamba mchuuzi amesema ni ya mfereji wa Mzima.

"Ala! Mzima," akasema, kama mtu aliyetajiwa rafiki.

Hapo ndipo maneno yangu yalipotoka. Sikuyapanga vizuri kama nilivyokuwa nimeyaandaa, nilisema tu, tena kwa sauti ya juu kuliko ipasavyo mbele ya mzee aliyefunga, "Maji hayo ni yetu. Yanatoka kwetu Taita."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, aliniita jina langu kwa namna unayoijua ikiwa umepata kumwaibisha mlezi wako mbele ya watu. Yule mzee hakukasirika. Aliniangalia kitambo.

"Kumbe ni yenu," akasema. "Basi ahsanteni. Nimeyanywa tangu nikiwa mtoto, na sijapata kumwona mtu wa kumshukuru."

Adhana ikalia. Akachukua tende moja, kisha akamimina maji katika bilauri, akanywa polepole, macho amefumba. Mimi nilisimama pale na mikono yangu mitupu. Nimepata kukemewa mara nyingi katika maisha yangu, na karipio lolote sikumbuki kwamba liliniingia kama shukrani ile.

Baada ya sala alitukaribisha mimi na shangazi kwenye uji wake, akasimulia. Alisema utotoni mwake kila mtaa ulikuwa na kisima chake, na kila msikiti kisima na birika, na watu walijua kisima kipi kina chumvi kidogo na kipi kina chumvi nyingi, kama wanavyojua tabia za jirani. Alinitajia Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, na kisima chake ng'ambo ya njia. Maji ya kunywa yaliyokuwa mazuri yalitoka Marere, katika milima ya Shimba, lakini mji ulikuwa unakua na hayakutosha. Alikuwa mtoto wa madrasa maji ya Mzima yalipofika, mwishoni mwa miaka ya 1950. Anakumbuka mama yake alifungua mfereji, akaonja, akaita majirani. Baadaye akajifunza ufundi, akafanya kazi miaka thelathini kuziba mabomba yaliyooza, na akaona mji ukiongezeka mara nyingi zaidi ya bomba. Visima navyo vimeharibika kwa sababu vyoo vimekuwa vingi. Kile cha nyumba yetu kimefunikwa kwa bamba la chuma, na juu yake shangazi alikuwa akianika nguo.

"Na nyinyi huko," akaniuliza, "mwanywa nini?"

Nikamweleza: saa tisa za usiku, kioski, ndovu, mfereji wa upepo, lambo. Aliiweka bilauri chini. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nami nilisikia mikokoteni ikipita nje kwenda mitaa mingine. Mwisho alisema kwamba katika miaka yote ile ya kuziba mabomba hakuna aliyepata kumwambia kwamba njiani kuna watu.

Miaka mingi baadaye nilisoma mambo mawili ambayo ningependa kumsimulia mzee yule, kama angalikuwa hai. La kwanza ni la Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Katika mambo machache aliyoyaandika juu ya mji huu, alitaja kwamba milangoni mwa misikiti watu wamechimba visima, na kwamba wenyeji hununua nafaka kutoka bara la karibu. Miaka karibu mia saba iliyopita mgeni alitazama akaona kisima, na akaona chakula kinachoingia kutoka kwa watu asiowaona. La pili linahusu Cádiz, mji wa mwalimu wetu. Nao ulizungukwa na bahari, nao haukuwa na maji ya kuutosha. Warumi walipoutawala walijenga mfereji wa mawe kutoka chemchemi za Tempul, katika vilima vya bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 70, ili watu wa bandarini wanywe. Mfereji ule umebomoka, na mabaki yake yametawanyika mashambani. Naamini palikuwa na wanakijiji njiani waliousikia ukinguruma chini ya miguu yao.

Insha yangu, kwa taarifa yako, haikupata alama nyingi. Nilijaza kurasa sita, na nne zilikuwa za visima na mikokoteni. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ngome iko wapi?" Alikuwa na haki. Ukienda wewe, andika vizuri habari za kuta na mizinga na merikebu za ukutani, maana zinastahili, na usinifuate mimi. Ila ukifika uani, inama kidogo utazame kisima.

Siku ya kurudi nilishuka ufuoni, chini ya ngome, nikaijaza chupa ya mama. Shangazi alinipa kitambaa cha kanga. Yule mzee alinipa pakiti ya tende iliyofungwa kwa gazeti, akasema ni ya mama yangu, wala hakuongeza neno.

Nilifika nyumbani usiku. Mama aliipeleka chupa kwenye mwanga wa taa, akaitikisa, akaitazama kwa makini kama anavyotazama maziwa ya kununua. Yalikuwa meupe, masafi kuliko maji yoyote tuliyoyapata mwaka ule. Aliona fahari kwanza. Hata akamwita jirani aje aone. Kisha akafungua, akamimina kidogo kiganjani, akayapiga funda.

Uso wake ulikunjamana wote. Aliyatema mlangoni, akafuta ulimi kwa kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na jirani naye akacheka, na mimi nikacheka. Halafu aliacha kucheka. Akaitazama tena chupa.

"Yote ni hivi?" akauliza. "Mpaka mwisho?"

"Yote, mama."

"Maskini," akasema, na sikujua anamhurumia nani.

Akala tende moja, akaifungia pakiti kabatini. Chupa aliiweka juu ya dirisha, nayo ilikaa hapo miaka mingi. Saa tisa za usiku akaniamsha.